Callistus Emong Omuse, Aliyehesabu Ziwa (1966–2025)

Maneno haya ni ya mjane wa marehemu, Benedetta Akwii. Mimi sikuenda shule. Nimeyasema nikiwa nimeketi jikoni, na binti yetu Brendah ameyaandika kama nilivyoyasema, na ndiye anayeyasoma mbele yenu leo Jumamosi, tarehe 15 Machi 2025. Ndugu wa marehemu, Ongodia, aliniomba niache sehemu ya Port Victoria. Sikuiacha. Kwa miaka zaidi ya kumi na sita watu wa boma hili na wa soko la Malaba wameniita mwongo kwa sababu ya jambo moja lililotokea kule ziwani, na marehemu aliniahidi kwamba angesema ukweli wake mbele ya watu. Alikufa siku moja kabla ya kusema. Kwa hiyo nitaeleza maisha yake yote kwa heshima anayostahili, na jambo hilo nitaliweka mahali pake, pamoja na mengine.

Marehemu Dkt. Callistus Emong alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 katika kijiji hiki, upande wa Amoni, nyuma ya Malaba. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Omuse na Mama Akiror, ambao wote wametangulia. Mzee Omuse alikuwa mfugaji. Wazee wetu Wateso hawakuhesabu ng'ombe kwa kidole. Mtu aliwajua kwa rangi, kwa pembe na kwa tabia, na jioni alisimama mlangoni mwa zizi akawatazama wakiingia. Mama mkwe alinisimulia kwamba siku moja, marehemu akiwa na miaka saba na shule imeanza kumwingia kichwani, alisimama pale mlangoni akanyoosha kidole: moja, mbili, tatu. Mama mkwe aliweka kibuyu cha maziwa chini.

"Shusha kidole! Unamhesabia nani?"

"Toto, mama yangu, tusipowahesabu tutajuaje mmoja amepotea?"

Mzee Omuse alicheka. "Utaona mahali alipokuwa anasimama, na yeye hayupo."

Wiki hiyo yule aliyekuwa wa mwisho kuonyeshwa kidole, mtamba mwekundu, alikutwa amelala kando ya njia bila jeraha, bila povu mdomoni, amekufa. Marehemu alipokuwa mtu mzima alipenda kusimulia kisa hiki akicheka, na kusema ilitokea hivyo tu. Lakini walioishi naye wanajua kwamba hakunyooshea kiumbe hai kidole tena maishani. Alihesabu kwa kidevu. Mkimkumbuka akitikisa kichwa polepole mbele ya kundi la kuku au la watu kanisani, mjue alikuwa anahesabu.

Alianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1973, akapita mtihani wa mwisho mwaka 1979, akaenda shule ya bweni upande wa Kakamega. Walimu wake waliandika kwamba alikuwa mpole na kwamba alimaliza karatasi ya hesabu kabla ya wengine kugeuza ukurasa wa kwanza. Mwaka 1987 alijiunga na chuo kikuu Nairobi kusomea hesabu. Alimaliza mwaka 1990, akarudi kufundisha shule ya upili hapa Busia. Mwaka 1996 alirudi chuoni kusomea jambo ambalo hakuna mtu hapa kijijini aliyelielewa: kutumia hesabu kujua mambo ya viumbe vilivyo hai, hasa vile vya majini. Ongodia alimuuliza kama samaki wanahitaji mwalimu. Alijibu kwamba samaki ndio walimu, na yeye ni mwanafunzi anayechelewa.

Tulifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992 katika kanisa katoliki, baada ya Mzee Omuse kupeleka ng'ombe kwetu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na yeye ishirini na sita. Hakunidharau kwa kukosa shule. Nasema hivyo kwa haki yake. Jioni alimwaga maharagwe mezani akanieleza kazi yake. Alisema samaki wa kesho ni samaki wa leo, ukiongeza waliozaliwa, ukitoa waliokufa na waliovuliwa. Alisema mbuta, yule samaki mkubwa, anakula omena, wale dagaa wadogo, kwa hiyo mbuta wakiwa wengi omena wanapungua, halafu mbuta wanakosa chakula nao wanapungua, kisha omena wanaongezeka tena. Alisukuma maharagwe huku na huku mpaka nikaona ziwa lote likipanda na kushuka mbele yangu. Nilimwambia hiyo ni kama njaa na mavuno. Alifurahi sana. Binti yetu Brendah Amuron alizaliwa tarehe 2 Juni 1995.

Januari 1999 alituhamishia Port Victoria. Alikuwa anataka kujua ghuba ile inaweza kubeba boti ngapi bila samaki kuisha, na serikali ilikuwa inasubiri jibu. Alichora ghuba kwenye karatasi akaigawa vyumba tisa, cha kwanza kikiwa ufukweni. Kazi ya kuhesabu alinipa mimi, kwa sababu yeye alikuwa Nairobi siku nyingi. Kwa kuwa sikujua kuandika, alinifanyia mpango wa mikebe. Kila boti ilipofika ufukweni nilimuuliza mwenye boti alikuwa chumba kipi, nikachukua mkebe wenye kitambaa cha rangi ya chumba hicho, nikapanda, nikachungulia ndani ya boti kwa macho yangu. Mbuta mmoja, haragwe jekundu. Ngege mmoja, haragwe jeupe. Omena karai moja, punje ya mahindi. Mwisho wa mwezi alikuja akahesabu mikebe na kuandika. Nilifanya hivyo miaka tisa na miezi minane, mvua na jua, hata mwezi niliofiwa na mama yangu. Mwaka 2004 aliajiriwa karani, Okwara, mtu wa kidato cha nne, ili naye aandike kwenye kitabu. Okwara hakupanda boti. Alikaa kwenye kiti chini ya bati akauliza kila mvuvi amepata nini, akaandika alichoambiwa.

Sasa nafika mahali ambapo Ongodia aliniomba niruke.

Jumatatu tarehe 11 Agosti 2008, saa mbili asubuhi, boti ya Mzee Mulama ilirudi kutoka chumba cha sita. Nilipanda kama kawaida. Hakukuwa na samaki. Hilo si ajabu, hutokea. Lakini nyavu zilikuwa safi. Nyavu zikitoka ziwani huja na tope, majani, konokono, na harufu. Hizi zilikuwa nyeupe kana kwamba mtu amezifua na kuzianika. Nilizinusa, hazikunuka kitu. Mulama na wenzake wawili walikuwa wamekaa kimya, na wale ni watu wa kelele. Nilitazama juu nikaona kwamba hakuna hata ndege mmoja aliyefuata boti ile. Niliweka chini mkebe wa chumba cha sita ukiwa mtupu.

Siku iliyofuata ilikuwa chumba cha sita na cha tano. Alhamisi cha nne kikaingia. Boti zilizozunguka mbali upande wa Uganda zilileta samaki, kwa hiyo sokoni watu hawakuona tofauti. Lakini kila boti iliyopita maji yale ya karibu ilirudi na nyavu safi na watu walionyamaza. Nilipanga mstari wa mikebe mitupu kwenye ukuta wa nyumba yetu, na kila baada ya siku moja au mbili mstari ule ulisogea chumba kimoja kuja ufukweni. Siku ya tisa nilisimama kwenye mawe pale wanawake wanapofulia. Maji yalikuwa maangavu mpaka chini. Niliona kokoto moja moja. Hakukuwa na kitu kinachotembea juu ya kokoto zile. Sikunawa.

Marehemu alifika tarehe 20 Agosti. Aliangalia mikebe.

"Akwii, nani amemwaga hii?"

"Hakuna aliyemwaga. Ndivyo ilivyokuwa."

"Chumba kizima hakiwezi kuwa na sifuri. Siku tisa? Hesabu yangu hairuhusu."

"Basi hesabu yako ipande boti ikaangalie."

Hakupenda. Alikwenda ufukweni, mimi nyuma yake, na watu walikuwa wengi, siku ya soko. Alimwita Mulama.

"Mzee, wiki iliyopita chumba cha sita mlipata nini?"

Mulama aliangalia maji. "Mwalimu, Mungu alitupa kidogo."

Aliwauliza wengine. Kila mmoja: kidogo. Tumepata kidogo. Okwara alifungua kitabu chake. Kilo mbili, kilo moja, kilo moja na nusu. Kisha akasema kwa sauti, watu wasikie:

"Boss, mimi niko na kitabu. Mama ako na maharagwe. Labda hizo siku aliyapika."

Ufukwe mzima ulicheka. Wanawake niliokunywa nao chai walicheka. Marehemu alichukua maharagwe mkononi akayamwaga kwenye turubai, akaniambia nihesabu mbele ya watu. Nilihesabu. Arobaini na saba. Aliyahesabu mwenyewe, yakawa arobaini na saba. Nilidhani nimeokoka. Aliniambia: "Kumbe kuhesabu unajua. Basi hukukosea. Ulidanganya. Ulikaa nyumbani ukaweka mikebe mitupu."

Tarehe 3 Oktoba 2008 alinirudisha hapa Malaba na begi moja. Brendah alikuwa na miaka kumi na tatu. Marehemu alitumia kitabu cha Okwara. Aliandika kwamba samaki wa ghuba ni wachache lakini wataongezeka, na kwamba boti zaidi zinaweza kuingia. Ziliingia. Walioko hapa kutoka Port Victoria wanajua wenyewe ghuba ile ilikuwaje miaka mitatu baadaye, na nani alibaki na boti na nani aliuza injini. Lakini habari ya mikebe ilikuwa imefika hapa kabla yangu. Mtu aliposema uongo sokoni, walisema hiyo ni hesabu ya Akwii. Niliuza viazi vitamu miaka yote hiyo na wateja walihesabu tena mafungu yangu mbele yangu. Binti yangu aliitwa hivyo shuleni. Siku ya kumzika mama mkwe, nilipotaja saa aliyokata roho, mtu mmoja wa boma hili alisema nyuma yangu, "Hiyo saa ni yake au ni ya ukweli?" Yupo hapa. Ananisikia.

Mwaka 2010 marehemu alipata shahada ya udaktari, akaenda kufanya kazi Pwani, akitumia hesabu ile ile kwa samaki wa bahari na matumbawe wanamojificha. Alifanya kazi huko miaka kumi na mitatu. Vijana aliowafundisha wametuma rambirambi na wengine wamesafiri usiku kucha kuwa nasi. Wanasema alikuwa mvumilivu, kwamba hakumkatiza mtu akiongea, na kwamba alikuwa na desturi moja ngumu: hakukubali takwimu kutoka kwa karani ambaye hakuingia kwenye chombo. Hawakujua desturi hiyo ilitoka wapi. Hakuoa mwanamke mwingine. Hilo pia nalisema kwa haki yake, ingawa halikunisaidia.

Alirudi nyumbani tarehe 19 Novemba 2023. Kisukari kilikuwa kimemla figo na macho. Alipelekwa hospitali Busia, kisha Eldoret, na madaktari na wauguzi walifanya walichoweza, tunawashukuru. Mimi nilimpokea kwa sababu hii ni nyumba yangu na yeye hakuwa na nyingine. Nilimpikia, nilimwogesha, nilimpa dawa kwa saa yake. Hatukuongea mambo ya ziwa mwaka mzima.

Januari mwaka huu aliomba kiti kiwekwe nyuma ya nyumba, kukabili kinamasi cha mafunjo kule chini. Usiku yangeyange, wale ndege weupe wanaofuata ng'ombe, hulala kwenye mafunjo yale na kuruka jua likitoka. Alikuwa anajaribu kuwahesabu lakini aliona weupe tu, kama nguo kwenye kamba. Siku ya nne aliniita.

"Akwii. Niambie wako wangapi."

Nilisimama na sufuria mkononi. "Utaniamini?"

Alipapasa akachukua penseli na karatasi. Nilihesabu kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kabla ya kuuliza. Sitini na wanne. Aliandika. Kesho yake aliuliza tena. Tukaendelea. Wiki ya pili walikuwa hamsini na mmoja. Mwisho wa Januari thelathini na wanane. Ng'ombe walikuwa wale wale, nyasi zile zile. Ongodia alisema ndege wamevuka kwenda mashamba ya mpunga upande wa Uganda, na huenda ndivyo ilivyokuwa. Katikati ya Februari walikuwa kumi na tisa, na vyura walinyamaza. Mtu akishazoea vyura, kunyamaza kwao ndiko kunakomwamsha. Mimi nilimwambia Callistus tuache. Nilimwambia kila anachohesabu kinapungua, tangu ule mtamba wa baba yake. Alisema kwamba watu huhesabu kile wanachoogopa kukipoteza, ndiyo maana inaonekana hivyo. Alisema kwa sauti ya mtu asiyeamini sana anachosema. Tuliendelea.

Jumatatu tarehe 3 Machi niliangalia jua likitoka. Ng'ombe walikuwa wamesimama kwenye nyasi, na hakuna ndege miguuni mwao wala migongoni. Nilingoja. Nilishuka mpaka ukingoni. Mafunjo yalikuwa wima bila kutikisika, na katikati yao maji ambayo siku zote ni meusi kama chai yalikuwa maangavu mpaka chini. Niliona mizizi. Niliona kijiko changu kilichopotea miaka mingi iliyopita kimelala kwenye tope. Hakuna kitu kilichotembea juu yake. Nilirudi juu.

"Wako wangapi?"

"Hakuna."

"Wachache, au hakuna?"

"Callistus, nimesema hakuna. Na maji ni safi."

Nilidhani atauliza nani amewafukuza. Alisema: "Ni kama chumba cha sita."

"Ni kama chumba cha sita," nikasema.

Ndipo aliponieleza. Mwaka 2017, huko Pwani, alipanda chombo cha mvuvi mmoja ili kupima maji. Nyavu zilipanda safi. Aliziona kwa macho yake, hazikuwa na hata jani. Walipofika nchi kavu karani alimuuliza yule mvuvi amepata nini, na yule mvuvi akasema: Tumepata kidogo, tunashukuru. Marehemu alimvuta pembeni akamuuliza kwa nini anasema hivyo. Yule mzee alishangaa. Alisema maji hayaambiwi kwamba hayana kitu. Ukisema hivyo umeyatukana, na kesho huendi salama. Baba yake hakusema, babu yake hakusema. Mtu akirudi mikono mitupu anasema kidogo.

"Nikakumbuka Mulama," marehemu aliniambia. "Nikakumbuka wote. Okwara aliandika kidogo kama kilo moja. Miaka yote kitabu chake hakikuwa na sifuri hata moja. Na kidogo ikiingia kwenye hesabu, inazaa. Ukiiacha mwaka mmoja inaongezeka, miaka mitano imekuwa nyingi. Sifuri haizai, Akwii. Ukizidisha sifuri mara elfu inabaki pale pale. Mimi niliwaambia watu samaki watarudi kwa sababu nilihesabu samaki ambao hawakuwepo. Wewe peke yako ndiye uliyeleta sifuri."

Mimi ni mtu wa ng'ombe, si mtu wa ziwa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba maji hayaambiwi. Niliona tupu nikaweka tupu.

Nilimuuliza: "Umejua tangu 2017?"

"Ndiyo."

"Na mimi niko hapa naitwa mwongo."

"Nilikuwa naona haya."

"Haya yako ilikula miaka yangu."

Alinipa penseli. Alisema mkono wake haushiki vizuri, niandike mwenyewe hesabu ya siku ile. Nilimwambia sijui kuandika. Alisema kwamba hii ninaijua. Nikachora duara kwenye karatasi yake, mahali pa tarehe 3 Machi. Karatasi hiyo iko kwangu na anayetaka kuiona ataiona.

Lakini duara kwenye karatasi ya mgonjwa halikunitosha. Nilimwambia alinifanya mwongo mbele ya watu, basi anitoe mbele ya watu. Alikubali. Alisema Jumapili tarehe 9, ukoo ukija baada ya misa, atasema yote, na Brendah aandike. Alifanya mazoezi ya maneno yake Alhamisi na Ijumaa. Nilimsikia kupitia ukutani akirudia jina langu.

Jumamosi tarehe 8 Machi 2025, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, nilimpelekea chai. Alikuwa amekaa kitandani ameelekeza uso dirishani. Kidevu chake kilikuwa kinapanda na kushuka polepole, vile mnavyokijua. Dirishani kulikuwa na ukungu tu. Nilimuuliza anahesabu nini. Alisema, "Subiri, nisipoteze." Kidevu kilipanda na kushuka muda, zaidi ya muda wa kuhesabu boma hili lote. Kisha kilisimama. Sikuambiwa ilikuwa ngapi. Alikuwa na miaka hamsini na minane, zimebaki siku sita afikishe hamsini na tisa.

Ongodia alisema jambo hili lizikwe naye. Aliniambia, "Shemeji, watu wa chuo kikuu watakuwa hapa. Na shahidi wako ni nani? Karatasi yenye duara?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Sikuwa na shahidi. Nililala siku nne nikijua kwamba wasifu wa mume wangu utasomwa na watu watacheka chinichini.

Jumatano mchana Mzee Mulama alifika kutoka Port Victoria. Amezeeka, alishikiliwa kushuka garini. Alisalimia, akakaa, akakataa chai. Nilimfukuza kila mtu chumbani isipokuwa Brendah na Ongodia.

"Mzee, tarehe 11 Agosti 2008. Chumba cha sita."

"Mama Brendah, wacha maneno ya ziwa. Tumekuja kulia."

"Nitalia ukishajibu. Mlipata nini?"

"Unajua tulisema nini."

"Najua mlichosema. Nauliza mlichopata."

Alivua kofia. Alimwangalia Ongodia, akaangalia mlango kama mtu anayetaka kuhakikisha hakuna maji karibu. Kutoka hapa mpaka ziwani ni mwendo mrefu, lakini alishusha sauti.

"Hatukupata kitu. Hata jani. Tulitupa nyavu mara tatu. Mara ya tatu kijana wangu alianza kulia na hakujua analilia nini."

"Na siku zilizofuata?"

"Hivyo hivyo. Wewe ulipanda ukaona. Ulikuwa unasema kweli, na sisi tulikuwa tunajua unasema kweli, na tulicheka." Alifuta uso kwa kofia. "Tungesema nini? Ziwa linasikia. Na serikali ikisikia inafunga ufukwe. Kwa hiyo tulikuacha wewe."

Nilimuuliza Mulama kama Brendah anaweza kuandika jina lake. Alisema andika, na kama Mungu atampa nguvu atasimama leo aseme mwenyewe. Yuko pale, mstari wa pili, koti la kijivu. Msimlazimishe kupaza sauti.

Nilipomsindikiza nje niliona anatembea akiangalia chini kule kwenye mafunjo. Nilimuuliza, kwa mazoea tu ya zamani, kwao wanapata nini siku hizi. Tulitembea mpaka tukafika barabarani.

"Tangu Jumamosi," alisema, "kidogo."

Sikumuuliza zaidi. Jumamosi ilikuwa siku aliyokufa Callistus. Lakini leo nawaambia, ninyi mnaotoka ufukweni, na ninyi wanafunzi wake: nendeni mkachungulie ndani ya boti kwa macho yenu kabla ya kuandika.

Marehemu alikuwa mtu mwenye akili kubwa na mkono mpole. Alinifundisha kuona ziwa kwenye meza. Alininyima ukweli miaka minane akiujua, na miaka tisa kabla ya hapo bila kuujua. Mambo yote mawili ni yake, na sikutaka aende kaburini na nusu.

Ameacha mjane, Benedetta Akwii, binti, Brendah Amuron, na mume wake, mjukuu, Alinga, ndugu yake Ongodia na familia yake, dada zake walioolewa Amukura na Tororo, na wanafunzi wa Nairobi na Pwani.

Ongodia amekubali, mbele ya Mulama, kwamba baada ya sala atasimama upande wa kichwa cha kaburi na kusema kwa mdomo wake, kwa niaba ya ukoo, kwamba hesabu yangu ilikuwa kweli. Nitasubiri. Sitaondoka pale, na sitatupa udongo, mpaka aseme.

Callistus, Mungu akupokee na akupumzishe kwa amani yako. Mimi yangu naingoja hapa, miguuni pako.